Viondo Sita na Sheria Ishirini na Tatu

Jumatatu, 25 Agosti

Sheria ya tisa inasema: "Mzazi atatunza daftari la kumbukumbu za mwanafunzi nyumbani, na daftari hilo litakaguliwa mwisho wa muhula." Haya basi, daftari ndilo hili. Anayeandika ni mimi, Nduku, mamake Nthenya wa Gredi ya Nane, fundi wa viondo hapa Matinyani. Nilifika kidato cha pili, kwa hivyo mwandiko ninao, na maneno pia ninayo.

Leo shule imefunguliwa na kila mtoto amerudi nyumbani na karatasi tatu zilizobanwa pini, juu zimeandikwa Mkataba wa Mzazi, Mwanafunzi na Shule. Sheria ishirini na tatu! Amri za Mungu ni kumi na bado zinatushinda. Mtoto awe langoni kabla ya saa moja kasorobo. Mtoto alete lita tano za maji kila Jumatatu na Alhamisi. Mzazi asikanyage shule akiwa na leso wala ndara. Mzazi mwenye swali la mkutano aliandike na kulitia sandukuni siku tatu kabla, la sivyo anyamaze. Jamani, kwani tumeandikisha watoto ama tumeandikishwa sisi?

"Na walimu wao wameandikiwa sheria ngapi?" nikamuuliza Nthenya.

Akacheka. "Mwaitu, mama yangu, weka sahihi tu. Asiye na sahihi haingii darasani."

Nimeweka. Nimeiweka kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi.

Jumanne, 26 Agosti

Hakuna la kuandika. Vumbi.

Alhamisi, 28 Agosti

Lita tano. Mto ni mchanga mtupu, na pale tunapochimba maji kulikuwa na foleni ya mitungi kama arobaini. Nthenya alitoka nyumbani alfajiri, akapiga foleni, akabeba mtungi hadi shuleni, akafika akiwa amechelewa dakika tano. Akafungiwa nje mpaka saa mbili, yeye na mtungi wake. Maji yaliingizwa ndani. Mtoto akabaki nje. Hiyo niandike chini ya kichwa gani, mkaguzi?

Ijumaa, 29 Agosti

Sasa kumekucha. Mwalimu Gedion, yule kijana mpya anayefundisha sanaa, ametangaza mradi wa muhula. Kila mtoto wa Gredi ya Nane asuke kiondo nyumbani, na mzazi atume picha wotsapu kila wiki. Sheria ya kumi na mbili: kazi ni ya mtoto mwenyewe, mzazi aelekeze tu kwa mdomo, kisha aweke sahihi kwamba hakugusa. Alama zinapelekwa juu na zinahesabiwa mpaka atakapomaliza Gredi ya Tisa. Siku hizi hakuna kusema amepata sabini au amepata arobaini. Kuna Kuzidi Matarajio, Kufikia Matarajio, Kukaribia Matarajio, na yule maskini wa mwisho ni Chini ya Matarajio.

Nthenya alikuwa na furaha, alidhani hili ni letu kabisa. Akakaa nje na mkonge akaanza kitako cha kiondo. Nikatazama. Anasuka kwa mkono wa kushoto, mashoto huyu, na uzi wake unazunguka kinyume. Mimi nikisuka mistari inalala kuelekea kulia, ndivyo mama alivyonifundisha, na ndivyo mamake alivyomfundisha. Ya Nthenya inalala kushoto.

"Fumua," nikamwambia.

"Kwa nini? Si kimekaza?"

"Kimekaza vibaya. Hakuna mwanamke wa huku anasuka hivyo. Fumua."

Akafumua. Alipomaliza akaanza tena, kwa mkono uleule wa kushoto. Ukaidi huo sijui ameutoa wapi. Babake akiwa hapa angesema ameutoa kwangu, lakini yuko Emali na malori yake.

Jumatano, 3 Septemba

Ambiyo amekuja. Huyu ndiye mwenye duka la nguo karibu na stendi, alihamia hapa na familia yake kutoka Garissa mwaka juzi, na binti yake Ilhan anakaa dawati moja na Nthenya. Aliingia akiwa amekasirika zaidi yangu, na hiyo si kazi rahisi.

"Mama Nthenya, niambie. Mimi Msomali. Kwetu tunajua chombo cha maziwa, tunajua mkeka. Kiondo nitamwelekeza Ilhan na mdomo gani?"

"Si umlete hapa?"

"Nimlete saa ngapi? Anatoka shule saa kumi na moja, ana homuwaki tano, ana duksi, madrasa yetu, na kesho ni maji." Akashusha sauti. "Uko na kimoja tayari?"

Nilikuwa nacho. Nikamuuzia. Alichagua cha rangi ya zambarau.

Ukurasa huu nitaugandisha kwa gundi kabla ya ukaguzi.

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya soko. Wazazi wengine wanne wa Gredi ya Nane wamenijia kwa zamu, kila mmoja akiangalia nyuma kama mtu anayenunua chang'aa. Wa tano alikuwa Ndeti, mwenyekiti wa wazazi mwenyewe! Yule ambaye Januari alisimama kanisani akatuhubiria kuhusu uaminifu katika elimu. Alitaka kilicho na mkanda wa ngozi. Jumla viondo sita, pamoja na cha Ambiyo.

Nilicheka peke yangu nikirudi nyumbani. Shule imetaka mchezo, basi tucheze. Ukurasa huu nao ni wa gundi.

Jumanne, 9 Septemba

Mawingu asubuhi. Saa nne hayapo.

Jumatatu, 15 Septemba

Lita tano. Amechelewa, amefungiwa nje. Mara ya tatu.

Nilienda kumsemea. Mlinzi akanitazama kiunoni. "Mama, leso." Nikamwambia leso hii nimejifunga tangu niolewe. Akasema sheria ya kumi na saba. Nilisimama nje ya lango, kisha nikarudi nyumbani bila kusema nililoendea. Nilitoka mwenyewe, hata hakunisukuma, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimetuma picha. Kwenye kikundi cha wotsapu kila mzazi ametuma picha, na mwalimu anaweka vidole gumba. Nimeona kiondo changu cha zambarau, Ilhan amekishika, anaangalia chini.

Alhamisi, 25 Septemba

Ninayo ya kusema kuhusu mtoto wangu, na kwa kuwa daftari ni la hayo, nayaandika.

Nthenya amefumua kile kiondo mara mbili zaidi, bila kuambiwa. Mara ya kwanza rangi ya udongo mwekundu haikukaa sawa. Mara ya pili alisema ukingo unacheza. Yeye mwenyewe alisokota nyuzi pajani mpaka ngozi ikawa nyekundu. Leo amekileta nikishike. Nilikigeuza, nikakivuta, nikatafuta kasoro niseme. Sikupata. Kilikuwa kimekaza kuliko vyangu vya soko. Mistari imelala kushoto pande zote, hakuna hata mmoja uliopotea.

Nilimwambia, "Si kibaya."

Alitabasamu hadi jioni. Kumbe maneno mawili yangetosha tangu Agosti.

Jumatatu, 29 Septemba

Viondo vimepelekwa. Nimeweka sahihi kwamba sikugusa. Lita tano pia zimepelekwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Nimeandika, nimepasua ukurasa, naandika tena.

Nthenya alirudi leo bila kuongea. Hakuomba chakula. Aliweka mkoba chini akakaa juu ya mtungi mtupu. Nikamuuliza, akanipa karatasi.

"Mradi: Kiondo. Chini ya Matarajio. Kazi hii si ya mwanafunzi. Mzazi ni fundi wa viondo. Mkataba, sheria ya 12, umevunjwa."

Nikasoma tena. Nikaketi.

"Amesema mbele ya darasa," Nthenya akasema. "Amekiinua juu akasema, tazameni kazi ya mama. Akasema afadhali mtoto alete kibaya chake kuliko kizuri cha mwongo. Mwaitu, ameniita mwongo."

"Na wengine?"

"Ilhan amepata Kuzidi Matarajio. Mtoto wa Ndeti, Kuzidi Matarajio. Wote sita." Hapo akaniangalia usoni. "Vyako vyote sita, Kuzidi Matarajio."

Sikuwa nimemwambia. Sikuwa nimemwambia hata kidogo! Lakini mtoto amekua akiona mikono yangu, angekosaje kuvijua? Alivijua tangu siku ile vilipotumwa wotsapu, na akanyamaza karibu wiki mbili akiendelea kufumua na kusuka chake.

Hebu mkaguzi, nisaidie. Watoto sita wamepeleka kazi yangu, wakasifiwa. Mmoja peke yake amepeleka kazi ya mikono yake, na huyo mmoja ndiye mwizi wa kazi yangu! Hii ni akili gani? Na mimi niende niseme nini? Nikisema vile sita ni vyangu, nimewachoma watoto sita na wazazi wao, na nimejichoma mwenyewe. Nikinyamaza, Nthenya anabaki mwongo mpaka Gredi ya Tisa, kwa maandishi.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nilivaa rinda la kanisani na viatu vya kufunga. Mlinzi akafungua lango.

Mwalimu Gedion ni mdogo kuliko nilivyodhani, pengine miaka ishirini na sita. Nilimkuta stoo, amezungukwa na viondo hadi magotini.

"Mwalimu, mtoto wangu alisuka mwenyewe."

"Mama, kwa heshima, kila mzazi ananiambia hivyo. Wewe ni fundi. Hiki kinaonekana ni cha fundi."

"Mtoto wa fundi hawezi kuwa fundi?"

"Kwa miaka kumi na tatu?" Alipangusa uso. "Mama, nina viondo mia moja na kumi na nane. Nafundisha masomo matano. Alama zinatakiwa kwenye mtandao kabla ya tarehe ishirini na nne. Siwezi kwenda kila nyumba. Naangalia kilichokaa kitoto na kilichokaa kikubwa."

"Na vile sita ulivyovipa Kuzidi, vimekaa kitoto?"

"Wale wazazi wao si mafundi."

Nilitaka kumwambia ni vyangu. Niliona uso wa Ambiyo, nikaona noti alizonipa, nikashika mkoba wangu.

Mwishowe akasema atampa nafasi moja, asuke kingine, akilete kabla alama hazijatumwa. Nilipotoka nikamwona akienda nyuma ya jikoni na mtungi wa njano wa lita tano, jina lake limeandikwa kwa wino wa kuchovya. Hata walimu wanabeba. Hasira yangu haikupungua, lakini ilikosa mahali pa kukaa.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimefanya jambo la aibu.

Nilimwambia Nthenya: "Suka kingine. Lakini safari hii usikaze sana. Acha ukingo ucheze kidogo. Kiharibu pahali pawili, patatu, ataamini."

"Nisuke vibaya ndio niaminike?"

"Ni alama tu, mwanangu."

"Ulinifumulisha nikisuka kwa mkono wangu. Sasa nimejua, unaniambia niharibu. Mwaitu, nyinyi wakubwa mnataka nini hasa?"

Akaenda kuchota maji. Sheria ya ngapi hiyo, ya mzazi kumfundisha mtoto kuharibu kazi yake? Haimo. Hiyo nilijiandikia mwenyewe.

Jumapili, 5 Oktoba

Kanisani Ndeti aliongoza maombi ya mvua. Sikusema amina.

Nilimpigia Kyule, mume wangu, kule Emali. Nyuma yake malori yanapiga honi. Akasema, "Mama Nthenya, usipigane na shule, utamwachia mtoto shida." Nikamuuliza, na nisipopigana, nimwachie nini? Mtandao ukakatika, ama alikata.

Jumatatu, 6 Oktoba

Lita tano. Mkutano wa wazazi ni Alhamisi. Nimeandika swali, nikalitia sandukuni: "Shule inajuaje kazi ni ya mtoto au si ya mtoto?"

Jumatano, 8 Oktoba

Swali limerudishwa na Nthenya. Juu yake kuna muhuri: HALIHUSIANI NA AJENDA.

Kisha nikaenda dukani kwa Ambiyo, maana mtu asichomwe bila kuambiwa. Nikamwambia kesho nitasema. Akakunja kitambaa, akakikunjua. "Utataja Ilhan?"

"Nitataja vyangu. Jina la mtoto sitalitaja."

"Watu watajua." Akakikunja kitambaa tena. "Ilhan hali vizuri tangu siku ile. Kila mtu anamsifu. Anasema kila wakimpigia makofi anataka kutapika." Nami nikaondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nilienda na leso. Niliifunga juu ya rinda, palepale kiunoni, na mlinzi alipofungua mdomo nikamwambia, "Leo nipitishe au nipige nduru." Akanipitisha.

Wazazi walikuwa wamejaa chini ya mabati ya ukumbi, joto linapika watu. Mbele kuna meza yenye kitambaa cheupe, na juu yake viondo sita vyangu, vimepangwa, vina kikaratasi Kuzidi Matarajio. Mwalimu mkuu, Bwana Musyimi, alikuwa akivionyesha kwa kalamu.

"Mnaona," anasema, "mtoto akipewa nafasi, na mzazi akifuata mkataba, haya ndiyo matunda." Makofi. Ndeti, mwenyekiti, alipiga makofi kuliko wote. Hapo ndipo nilisimama. Kama angepiga kidogo tu, labda ningekaa.

"Mama, swali lako liliingia sandukuni?" mwalimu mkuu akauliza.

"Liliingia, likapigwa muhuri, likarudishwa. Kwa hivyo leo siulizi. Leo natoa ushahidi."

Watu wakageuka. Nikaenda mbele. Nikachukua kiondo cha kwanza, nikakigeuza kitako juu.

"Hiki ni changu," nikasema. "Nimekisuka mimi. Hapa katikati, kwa ndani, kuna fundo dogo. Mama yangu aliliweka kwa kila kiondo chake, mimi naliweka kwa kila changu. Mistari tazameni, imelala kulia." Nikachukua cha pili. "Changu." Cha tatu. "Changu." Nikavigeuza na vilivyobaki. "Vyote sita ni vyangu, na pesa nilipokea. Kosa hilo ni langu na mnaweza kuniadhibu. Sasa naomba kile mlichokitupa stoo."

Mwalimu Gedion alikileta mwenyewe.

"Hiki, tafuta fundo langu."

Akatafuta ndani. "Halipo."

"Mistari imelala wapi?"

Alikiweka karibu na kile cha mkanda wa ngozi. Akavitazama, kimoja, kingine. "Kushoto."

"Mtoto wangu ni mashoto. Nilimkemea, nikamfumulisha, akakataa kubadilika. Mimi hata mkinilipa siwezi kusuka hivyo. Mwiteni hapa asuke mbele yenu."

Wakamwita Nthenya. Nilidhani ataogopa. Alikaa chini na sare yake, akachukua nyuzi nilizobeba, akasuka mizunguko minne, mkono wa kushoto unaenda kana kwamba hakuna mtu. Mwalimu Gedion alichuchumaa karibu naye. Mzunguko wa tatu akasema, polepole, "Nthenya, nilikukosea. Nilikukosea mbele ya darasa na nitasema mbele ya darasa." Kijana huyo nilimchukia siku nane. Leo nimeacha.

Ndeti ndiye alisimama kwa kelele. "Mama Nthenya, ulituuzia, na leo unatuuza sisi!"

"Jina lako sijalitaja, mwenyekiti. Umelitaja mwenyewe."

Kabla hajajibu, Ambiyo alisimama kule nyuma. "Cha zambarau ni mimi nilinunua. Ilhan hajagusa. Mlinipa kazi ya mama wa Kikamba, nikaenda kwa mama wa Kikamba. Mngenipa nafasi ya kusema sijui, ningesema sijui. Lakini karatasi yenu haina pahali pa kusema sijui."

Hakuna aliyepiga makofi. Lakini wazazi wengi walikuwa wanaangalia viatu vyao, na si wale sita tu. Mwalimu mkuu alifunga faili lake. Akasema alama za Nthenya zitarekebishwa, na wale sita wafanye upya, hata kidogo cha ukubwa wa bakuli, kabla ya tarehe ishirini na tatu. Wasiofanya, Chini ya Matarajio. Na wazazi wameonywa.

Wazazi tu. Aliyeandika sheria ishirini na tatu hakuonywa.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimerudishia watu sita pesa zao. Mama mmoja alizipokea kwa ncha za vidole, akafunga mlango.

Saa nane mchana Ilhan alikuja na mkonge ndani ya mfuko wa dukani. Nyuma yake watoto watano. Mtoto wa Ndeti alikuja wa mwisho, amesimama nje ya ua kama anayepita tu.

Nilitandika gunia nikakaa ili niwafundishe. Nthenya akasema, "Mwaitu, sheria ya kumi na mbili." Akaninyang'anya nyuzi! Alikaa katikati yao, na wao wakakaa ubavuni mwake ili waone mkono unakwenda wapi.

Nikamwambia, "Unawafundisha kinyume. Hao si mashoto."

"Wanafuata ninavyofanya. Wacha."

Nikawacha. Nilikuwa na maneno mengi na nikayameza yote, na si kwa kupenda.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamekuja. Wamefumua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Lita tano. Wamekuja, wamefumua tena. Ilhan amekatwa na uzi kidoleni, hakulia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Shule zimefungwa, wao wako hapa tangu asubuhi. Ndeti alipita akaniona, hakunisalimia, akatazama mwanawe kwa muda akaenda. Mvua imetishia, imeanguka matone kumi. Niliyahesabu.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kesho shule inafungwa na daftari hili linakaguliwa. Gundi nilishanunua, iko hapa mezani, haijafunguliwa. Kurasa za Septemba ziko wazi, mkaguzi, zisome. Na uandike kwa wino wako ni matarajio gani hayo niliyo chini yake.

Leo viondo sita vimepelekwa. Tulivipanga na cha Nthenya juu ya dawati stoo, saba kwa jumla, na Mwalimu Gedion akakaa nao. Kati ya vile sita hakuna kilichonyooka. Cha Ilhan kina tundu unaloweza kupitisha kidole. Cha mtoto wa Ndeti kimeinama upande, hakina mkanda, na babake aliyekuja kwa hasira alikichukua akauliza, "Sasa hiki kitabeba nini?"

"Kitabeba changu," mtoto akajibu. Ndeti akakirudisha mezani, kwa upole kuliko alivyokichukua.

Mwalimu akaniangalia. Safari hii alikuwa na adabu ya kuuliza kwanza. "Mama Nthenya, uliwasaidia?"

"Vigeuze," nikamwambia.

Akavigeuza, kimoja kimoja, vitako juu. Nami nikainama karibu naye, maana nilitaka kuona kwa macho yangu. Mistari ilikuwa imepinda, imeruka, imepotea na kurudi, lakini yote ilikuwa imelala kushoto. Nilitia kidole ndani ya kila kimoja nikatafuta fundo la mama yangu. Vyote saba. Halikuwemo hata kwa kimoja.